Kompyuta Aliyochaguliwa na Mtani

Mume wangu Heriel ni Mpare wa Usangi. Nalitanguliza hilo kwa sababu bila kulijua hamtaelewa ilikuwaje mtu mwangalifu kama yeye, mtu ambaye akinunua kiatu hukikunja, hukinusa na kukigongagonga sakafuni mpaka muuzaji anatamani kumfukuza, akanunua kompyuta isiyomfaa. Watu hapa Babati husema alizubaa. Hakuzubaa. Alicheka. Na mimi Evelyne, mke wake, nilicheka pamoja naye, tena kwa sauti kubwa kuliko wote mle dukani, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Alifika hapa mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga. Ofisi zilikuwa zinahamia kwenye nyumba za kupanga, watumishi wanashuka stendi na magodoro na masufuria, na kila mmoja alidaiwa picha za pasipoti za kuweka kwenye jalada lake. Heriel alikuwa na kamera moja, kiti kimoja na shuka la buluu. Alilitundika shuka kwenye ukuta wa pembeni wa duka la Mwanaharusi, muuza vitenge, akaanza kazi. Mpaka leo hujisifu kwamba mkoa mzima, kuanzia wakubwa hadi walinzi, yeye ndiye aliyeuambia uinue kidevu. Mimi ni Mmbulu wa Singe, nilienda kwake kupiga picha ya kuombea kazi. Alinipiga mara tatu akidai nimefumba macho. Sikuwa nimefumba macho hata mara moja, na yeye alijua.

Kutoka kwenye picha akaingia kwenye video za harusi, na huko ndiko alikopata jina. Wapiga video wengine humfuata bibi harusi kila anakogeuka. Heriel humtafuta baba wa bibi harusi. Anasema bibi harusi amejiandaa kulia, ila baba hajajiandaa, kwa hiyo cha kweli utakipata kwa baba. Nimeona wazee wagumu wa Bonga, watu wa kuchinja ng'ombe bila kupepesa jicho, wakiangalia video ya Heriel sebuleni kwao na kuomba leso.

Sasa niwaambie juu ya Ludovick.

Ludovick ni Mchaga wa Rombo. Alikuwa na duka la simu na kompyuta zilizotumika, milango miwili kutoka kwenye shuka la Heriel. Wapare na Wachaga ni watani, hilo halihitaji maelezo, lakini hawa wawili walikuwa wamezidi. Ludovick alikuwa anaingia kwetu asubuhi bila hodi, anachukua chapati kwenye sahani ya Heriel na kusema, "Mpare hali chapati mbili, atafilisika." Heriel naye alikuwa anakwenda dukani kwake, anavuta kiti ambacho mwenzake anataka kukalia, na kuwaambia wateja, "Mwacheni asimame, Mchaga akikaa anapunguza faida." Mama yake Ludovick, Bibi Katarina, aliyekuwa akiishi na mwanawe kule Maisaka, alimwita Heriel "kapare kangu", na kila akipika mtori alimwekea bakuli lake huku akimtukana.

Baba mkwe wangu alipofariki, Ludovick alisafiri nasi hadi Usangi. Gari la jeneza lilipotaka kuondoka, alijilaza chini mbele ya tairi na suti yake, akatangaza kwamba halipiti mpaka Wapare watoe mbuzi, na kwa kuwa anajua hawatatoa, marehemu atazikwa mwezi ujao. Wazee wakashikana mbavu. Heriel, ambaye kwa siku nne hakuwa amekula wala kusema, alicheka mpaka akalia vizuri. Nilimpenda Ludovick siku ile. Nasema kweli, nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Ndiyo maana hata sheria yenyewe hatukuwahi kuitilia shaka: mtani hakasirikiwi. Akikuchukulia kitu, cheka. Akikusema vibaya, mrudishie cha kwake. Ukinuna umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili.

Mwaka 2016 ikaja fasheni mpya ya harusi. Watu hawakutaka tena kungoja video mwezi mzima. Walitaka waliofika ukumbini jioni, ambao asubuhi hawakuwa kanisani, waonyeshwe kwenye skrini kubwa mambo ya kanisani, kabla keki haijakatwa. Wapiga video wa Arusha walikuwa wameanza kuja nayo, na kila walipokuja, Heriel alipoteza harusi. Na picha za pasipoti zilikuwa zinakufa, maana kila mtu na simu yake.

Basi Mzee Marseli wa Bonga, mfanyabiashara wa mbaazi, akawa anamwoza binti yake Romana. Akamwita Heriel mbele ya kamati ya harusi, ambayo Ludovick naye alikuwa mjumbe, akamwambia, "Heriel, ndoa ni saa nne hapa Bonga. Sherehe ni jioni mjini. Ukituonyesha kanisa ukumbini siku hiyo hiyo, nina watoto wengine watatu hawajaoa wala kuolewa, na hao wote ni wako. Ukishindwa, nitaita watu wa Arusha na sitakuficha." Ilikuwa kauli ya haki. Heriel alirudi nyumbani akiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Akiiweza harusi ile, amebaki kuwa mtu wa harusi Babati. Asipoiweza, anarudi kwenye shuka la buluu.

Shida ni kwamba hakuwa na kompyuta. Siku zote alikuwa akieditia video zake kwenye ile kubwa ya mezani dukani kwa Ludovick, Jumapili baada ya misa. Ludovick alikuwa anakaa pembeni yake na soda, anauliza, na Heriel anamfundisha. Hapa unakata. Hapa unaweka wimbo. Hapa acha sauti ya kanisa isikike yenyewe. Alimfundisha miaka miwili, bure, kwa moyo mweupe. Sasa alihitaji mashine ya kubeba begani, apande pikipiki kutoka Bonga, afike ukumbini, akae mahali na kuitumia saa tatu nne mfululizo. Nikauza mtamba wangu aliyekuwa kwa baba Singe. Heriel alikataa, mimi nikamuuza.

Ludovick alikuwa ametoka Arusha na laptopu mbili. Moja ilikuwa ndogo, nyembamba, ya watu wa kucheza gemu, ina taa nyekundu chini ya herufi na nembo inayong'aa mgongoni. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nene, nzito, haina urembo wowote, utadhani imetolewa ofisi ya ardhi.

Siku tuliyokwenda dukani palikuwa na wateja wanne watano. Ludovick akaanza vizuri, sitamnyima hilo. Aliuliza kila kitu ambacho muuzaji mwenye akili anapaswa kuuliza. Kazi yenyewe inachukua saa ngapi? Umeme utakuwepo muda wote? Kamera inatumia kadi gani? Video ya misa nzima inajaza nafasi kiasi gani? Heriel akajibu yote, taratibu, kama mgonjwa anayemweleza daktari. Ludovick alikuwa anatikisa kichwa, "Ehee. Ehee." Kisha akaichukua ile ndogo akaiweka juu ya kaunta, akaifungua, taa nyekundu zikawaka, na watu wakasema "Loo!"

"Hii hapa," Ludovick akasema. "Imetengenezwa kwa ajili ya gemu. Na gemu ni nzito kuliko harusi. Mashine inayobeba vita vya gemu haishindwi na bibi harusi."

Neno lenyewe liliingia akilini. Lakini Heriel ni Heriel. Akaigeuza huku na huku. "Mbona skrini ni ndogo? Nitaona kweli kama picha imetulia?"

"Mpare!" Ludovick akapiga kofi kaunta. "Unataka skrini kubwa ili uwatoze majirani waje kuangalia mpira?"

Duka likacheka. Heriel naye akacheka. "Haya. Na haina tundu la kuchomekea kadi ya kamera."

"Likiwepo tundu utahifadhia sarafu humo, mashine ife."

Kicheko tena. "Haipati joto? Nyembamba hivi?"

"Ipate! Si utapikia chai? Mkaa umepanda bei, mimi nakuonea huruma."

Mnaona mambo yalivyokwenda? Mume wangu aliuliza maswali ya maana, moja baada ya jingine, na hakupata jibu hata moja. Alipata vichekesho. Na kila kichekesho kilikuwa kinasema kwamba anauliza kwa ubahili, kwa hiyo kila alipouliza zaidi, alizidi kuonekana Mpare. Mwishowe akaionyesha kwa kidole ile ya kijivu. "Na ile je?"

Ludovick akaweka kiganja juu yake. "Ile niachie mimi Mchaga. Nitapigia harusi zenu zote hapa Babati, na wewe urudi kwenye shuka lako la buluu ukawaambie watu wainue kidevu."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi, kichwa changu hiki, nikadakia, "Ichukue, shemeji! Na harusi yako ya pili tutakupigia bure, mkeo asijue!" Nilicheka hadi nikashika kaunta. Mungu anisamehe.

Nyumbani Heriel aliiweka mezani akaijaribu na video ya kipaimara cha zamani. Dakika ishirini hazijaisha, feni ikaanza kuvuma, na kitambaa cha meza kikawa cha moto hasa pale chini yake. Betri ilikuwa imejaa, baada ya saa moja na kidogo ikabaki robo. Chaja yake peke yake ilikuwa na uzito wa tofali. Na nafasi ya ndani, alipoipigia hesabu, hata misa moja ingeingia kwa shida. Mpenda gemu asingejali. Yeye anacheza nyumbani kwake, karibu na soketi, akichoka anazima. Heriel angekuwa stoo ya ukumbi, jasho linamtoka, wageni mia nne wanangoja.

"Irudishe," nikamwambia. "Mwambie unataka ile ya kijivu."

Akaenda. Akarudi na ile ile ndogo.

"Kasemaje?"

"Kasema Wapare tumeshaanza, kesho nitamshitaki mahakamani kwa kosa la joto." Akatabasamu kidogo. Kisha akasema, akiniita kwa jina la mwanetu, "Lakini alipomaliza kutania alinishika bega, Mama Aminiel. Akaniangalia machoni. Akasema, 'Mtani, mimi nikudanganye wewe? Hii ndiyo inayokufaa.' Hapo hakuwa anatania."

Miaka kumi na moja ya chapati na viti na kulala mbele ya jeneza la baba yake. Nikasema labda sisi ndio hatujui kompyuta.

Siku ya harusi mimi nilikuwa ukumbini tangu asubuhi, maana kazi yangu ni mapambo. Saa nane na nusu Heriel akafika kutoka Bonga, vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia begi. Alikuwa amefurahi. Akaniambia Mzee Marseli alipomkabidhi binti yake alijikausha, akajikausha, halafu kidevu kikamtetemeka, na yeye Heriel alikuwa amesimama pale pale. "Nimempata, Mama Aminiel. Nimempata mzima."

Akaingia stoo, kati ya kreti za soda na viti vibovu. Kuingiza video kwenye mashine kulichukua saa nzima, kwa kifaa cha kuunganishia alichoazima, na nafasi ikajaa kabla ya kumaliza. Akafuta, akachagua, akaanza tena. Saa kumi na moja joto likaja. Akaiinua mashine juu ya sahani mbili zilizopinduliwa. Mimi nikaacha maua yangu nikawa naipepea kwa sinia. Msicheke. Nilisimama na gauni langu la sherehe nikapepea kompyuta kwa sinia la pilau zaidi ya nusu saa.

Saa kumi na mbili umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, lakini ilikuwa ya muziki na taa, na waya wa stoo haukuwa umeunganishwa. Tulipopata waya, betri ilikuwa imebaki chembe. Na mashine kwa joto lile ikawa nzito, kila akibonyeza inafikiria. Bibi harusi kwenye skrini alikwama mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja mbele, hatembei wala harudi. Kisha skrini ikawa nyeusi. Heriel akaiwasha. Ikawaka, taa nyekundu zote zikang'aa vizuri sana, halafu ikazima tena.

Nje MC akatangaza, "Wapendwa, sasa tunakwenda kanisani Bonga! Tuelekeze macho kwenye skrini!" Muziki ukazimwa. Skrini ikabaki nyeupe. Watu wakakohoa. MC akaita mara ya pili, akitania. Mara ya tatu hakutania. Nilichungulia mlangoni nikamwona Mzee Marseli amegeuka kwenye kiti chake, anaangalia upande wetu.

Hapo Ludovick akainuka kwenye meza ya kamati. Akainama, akatoa begi jeusi chini ya kiti chake, akaja moja kwa moja hadi stoo.

"Mtani, nipe kadi," akasema.

Akafungua begi. Ilikuwa ile ya kijivu.

Heriel akampa kadi kwa mikono miwili. Akamshukuru, jamani. "Ahsante mtani, Mungu akubariki, umeniokoa." Ludovick akakaa juu ya kreti, akafanya kila alichofundishwa. Akakata pale alipofundishwa kukata, akaacha sauti ya kanisa isikike pale alipofundishwa kuiacha. Heriel alimshikia tochi. Nusu saa, kazi ikaisha, mashine haikuvuma wala kupata joto. Mimi nilisimama na sinia langu mkononi nikawa najiuliza jambo moja tu: ni nani anakwenda harusini na kompyuta? Watu huenda na zawadi.

Jibu nililipata kwenye skrini. Video ilipoanza, kabla ya kanisa, yakatokea maua ya waridi yakizunguka polepole, na katikati ya maua maandishi ya dhahabu: LUDO HARUSI VIDEO, BABATI. Na namba ya simu. Maua ya namna ile hayatengenezwi ndani ya nusu saa ukiwa umekalia kreti. Yalikuwa yametengenezwa siku nyingi, yakakaa humo yakingoja. Nikamgeukia Heriel. Alikuwa anayasoma. Midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha likaja lile la Mzee Marseli kumkabidhi binti yake, kidevu kikitetemeka, kwa ukubwa wa ukuta mzima. Wanawake wakatoa leso. Wanaume wakainamisha vichwa. MC akapaza sauti, "Makofi kwa Ludovick!" Ukumbi ukalipuka. Na Ludovick akainuka, akapunga mkono.

Mimi ndiye niliyekwenda dukani kwa Ludovick Jumatatu. Sikuamkia. Nikaiweka ile mashine ndogo juu ya kaunta nikamwambia, "Ulijua."

"Shemeji, mbona asubuhi asubuhi umevimba?" Alikuwa anatabasamu. "Kwani niliwaficha? Si nilisema hapa hapa? Nilisema ile ya kijivu niachieni mimi, nitapigia harusi zote, na yeye arudi kwenye shuka lake. Nilisema mbele ya watu. Nawe ukasema niichukue. Ukacheka."

Na ilikuwa kweli. Mambo yote alikuwa ametuambia, tena kwa mpangilio. Ukweli aliusema kwa kicheko, na uongo akausema kwa kumshika mtu bega na kumwangalia machoni, na sisi tukaamini kama tulivyolelewa kuamini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini kwa watani nani anakumbuka wahenga?

"Halafu shemeji," akaongeza, "mtani hakasirikiwi."

Nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika. La Kimbulu, kwa bahati yake. Nikaichukua mashine yetu nikaondoka.

Nyumbani nikamfokea Heriel badala yake, ndivyo tulivyo. "Wewe si Mpare? Si mnasemwa kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku? Fungua kesi!"

"Nimshitaki kwa kosa gani? Kwamba alinichekesha?" akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Na ng'ombe wa kuuzia kesi hatuna. Tulishamuuza."

Watoto watatu wa Mzee Marseli, mmoja baada ya mwingine, walipigiwa video na Ludovick. Mzee mwenyewe hakukosa; mbele ya watu aliahidi kazi kwa atakayelionyesha kanisa, na mbele ya watu aliyelionyesha ni Ludovick. Heriel alilifua shuka la buluu akalitundika tena kwa Mwanaharusi. Ile kompyuta ndogo ikapata kazi inayoifaa: kupunguza ukubwa wa picha za pasipoti, nne kwa karatasi. Haipati joto hata kidogo. Watoto wa wateja huja kuangalia taa nyekundu.

Jambo moja tu sikulielewa kwa muda mrefu. Heriel hakugombana na Ludovick. Wakikutana wanasalimiana. Ludovick alikuwa anamtupia utani kama zamani, "Mpare, umekula leo au umeweka akiba?" Na Heriel anajibu, "Nimekula, ahsante. Habari za nyumbani?" Basi. Nilidhani ni unyonge. Nilimkasirikia sana kwa hilo.

Mwaka uliofuata ile harusi ya Romana, mwezi wa nane, Bibi Katarina akafariki kule Maisaka. Alikuwa azikwe kwao Rombo, na gari lilikuwa liondoke asubuhi. Heriel akavaa koti. Nikamwuliza, "Unakwenda?" Akasema, "Yule mama alinilisha." Tukaenda wote.

Uwanja ulikuwa umejaa. Misa fupi ikasomwa, jeneza likapakiwa, gari likawashwa, na hapo watu wakaanza kuangaliana. Wazee wa Kichaga walikuwa wameshaanza kutabasamu kabla ya wakati. Mmoja akasema kwa sauti, "Mpare yuko wapi? Leo anatudai mbuzi wangapi?" Wakasogea pembeni, wakaacha nafasi safi mbele ya tairi, ya mtu kulala.

Ludovick akashuka kutoka kiti cha mbele. Macho yalikuwa mekundu na shati limekosewa vifungo. Akasimama anamngoja Heriel, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, kama mtu mwenye kiu. Nyuma ya nyumba beberu alikuwa analia. Alikuwa amemwandaa.

Heriel akatembea mpaka kwake. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, ndugu Ludovick. Mungu amlaze mama mahali pema."

Watu wakangoja. Walidhani ndiyo anaanza.

"Ahsante, mtani," Ludovick akasema.

"Poleni na familia yote. Mungu awatie nguvu."

Tabasamu za wazee zikaanza kuondoka, moja moja. Ludovick akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nyuma ya Heriel nikasikia, "Mtani, lizuie gari basi. Beberu wako yuko pale nyuma. Nilimfunga mwenyewe alfajiri."

"Beberu ni wa mtani, ndugu Ludovick," Heriel akajibu, taratibu, bila hasira hata kidogo. "Atakapokuja mtani wako, mpe."

Akamwachia mkono. Akaenda getini, akawaambia waliokuwa wamesimama njiani, kwa heshima zote, "Tuwapishe wapite, jamani. Rombo ni mbali."

Watu wakapisha. Ludovick akabaki amesimama pale mbele ya tairi, kwenye ile nafasi waliyoiacha wazi, mpaka dereva alipompigia honi mara mbili.